Funga!

Mume wangu alianza kuchomelea kwa masikio muda mrefu kabla sijajua kwamba macho yamemkataa. Na mimi ndiye niliyekuwa karibu naye kuliko mtu yeyote, nimeshika chuma, pua yangu shubiri moja kutoka kwenye mkono wake. Mtu akiniambia leo kwamba mke hujua kila kitu cha mumewe, namwangalia tu.

Karakana yetu ilikuwa banda la mabati kando ya barabara. Mbele tuliegesha mageti ambayo wenyewe walitoa oda wakapotelea mbali, nyuma ilikaa mashine ya kuchomelea, nzito, rangi imebabuka, ikinguruma kutwa kucha kama mgonjwa wa mafua. Mume wangu, mtaani walimwita Cheche. Mimi nilimwita Fundi, hata nyumbani, hata siku tulizonuniana. Yeye alichomelea, mimi nilipima, nikakata vyuma kwa grinda, nikagonga magamba ya mshono kwa nyundo, nikapaka rangi. Na nilishika.

Kushika kulikuwa na utaratibu wake. Unakiweka kipande mahali pake kwa mikono miwili, unakikaza kisitikisike, Fundi anasogeza kijiti cha kuchomelea, halafu anapiga kelele, "Funga!" Hapo unafumba macho na kugeuza uso. Unasikia chuma kinachachatika, unaona wekundu ndani ya kope zako. Akisema "Haya," unafumbua, na kipande kimeshika. Nilifumba hivyo miaka yote ya ndoa yetu. Alikuwa mkali sana kwa hilo. Siku moja nilichelewa kufumba kidogo tu, akanigombeza mbele ya mteja mpaka nikamsusia chakula cha jioni.

Yeye mwenyewe hakufumba. Anayeshika kijiti lazima aone kinapogusa. Ngao ya uso tulikuwa nayo, lakini kioo chake kilikuwa cheusi mno na kimepasuka, akasema kinamchelewesha. Akanunua miwani ya jua kwa mchuuzi wa barabarani. "Nimependeza, sijapendeza?" akaniuliza. Nikamwambia anafanana na mwizi wa kuku. Tulicheka siku ile mpaka mteja akatuuliza kama tunauza vichekesho au mageti.

Kuna asubuhi aliamka macho yanawaka, anasema yamejaa mchanga. Kila mchomeleaji anaijua asubuhi hiyo. Nilimkatia kiazi kibichi vipande vyembamba, nikamwekea juu ya kope, akalala chali akiilaani dunia na waliomo. Kufika mchana alikuwa amesharudi kazini. Tuliona ni kawaida ya kazi, kama mpishi anavyoungua vidole.

Kisha mageti yakaanza kurudishwa. La kwanza alisingizia vijiti, eti vimeingia unyevu. La pili akasema ni umeme, unapanda na kushuka. Lilipokuja la tatu, mshono umetoka nje ya maungio kabisa na kupita zake juu ya chuma kizima, nilianza kumchunguza. Nikaona anavyoinamisha kichwa, sikio mbele. Alikuwa na usemi wake kwamba mshono mzuri unalia kama vitunguu vinavyokaangwa, ukilia vingine ujue umeharibu. Nilidhani ni maneno ya kujisifu mbele ya wateja. Kumbe ndiyo njia aliyobaki nayo.

Siku hiyo nilimnyooshea nyundo bila kusema neno. Mkono wake ukashika hewa, kushoto kwa nyundo, kisha hewa tena.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu lini nini?"

"Fundi, usinichezee."

Akakaa chini juu ya rundo la mabomba. "Katikati hapaonekani," akasema. "Nikikutazama naona mabega yako. Kichwa hakipo."

Daktari wa macho alikuwa mwanamke wa makamo, mchovu, asiyezunguka na maneno. Alimmulika, akamwambia atazame juu, atazame chini, akaandika, akaweka kalamu. Jicho la kulia limekwisha, akasema. La kushoto limeungua katikati na linaendelea kuharibika. Zipo sindano za kuchoma ndani ya jicho, tena si mara moja, ni za kurudia na kurudia. "Naweza kujaribu kukuzuilia kilichobaki. Kilichokwenda sikurudishii. Na hata kukuzuilia sikuahidi."

Akamuuliza alikuwa anavaa nini kazini. Fundi akaitoa ile miwani mfukoni mwa shati, akaiweka mezani kwa heshima kabisa, kama mtu anayetoa kitambulisho. Daktari akaitazama. Akaeleza kwamba afadhali asingevaa kitu, kwa sababu giza lile la bandia lilikuwa linaifungua mboni wazi ili mwanga mbaya upite vizuri. Nilitamani kuivunja miwani ile, nimvunje na daktari, nimvunje na mume wangu. Nikakunja khanga yangu magotini, nikaikunjua.

Tulirudi kwa miguu, amenishika bega. Tulipofika kwenye banda akasema, "Tunauza mashine."

"Tunauza," nikakubali. Nilikuwa nimeshalifikiria njia nzima. Hatukuwa na kitu kingine cha kuuza chenye maana. "Sindano zianze mapema."

"Si kwa sindano. Kwa chuo."

Ile kozi ya mabomba niliijua. Ilikuwa mdomoni mwake tangu zamani. Kampuni iliyokuwa inatandika mabomba makubwa ya maji ilitaka wachomeleaji wenye cheti tu, na cheti kilitolewa na chuo cha ufundi kilichoko upande wa pili wa mji. Mageti yalikuwa yanakufa. Watu walinunua yaliyotengenezwa tayari kiwandani, na sisi tuliachiwa kuziba matundu ya mapipa na kuunga miguu ya viti. Kozi ile ilikuwa ndoto yake.

"Fundi, utasomaje na macho hayo?"

"Nani kasema mimi? Utakwenda wewe."

Nikacheka. Kwa kweli nilicheka, kicheko cha mtu aliyetukanwa. "Mimi sijawahi kushika kijiti hata siku moja."

"Ndiyo maana kuna chuo."

"Nina nywele nyeupe."

"Siku hizi sizioni," akasema.

Tuliligombania jambo hilo kila siku, asubuhi kwenye chai, mchana juu ya grinda, jioni mpaka watoto wakahamia nje na madaftari yao. Hoja zake zilikuwa rahisi na zilinichoma. Sindano zikifaulu, alisema, atabaki na nusu jicho, na nusu jicho halichomelei. Zisipofaulu tumepoteza macho na mashine. Vyovyote vile hatuna chakula. Lakini nikiwa na cheti, kuna mtu mmoja nyumbani mwenye kazi inayolipa. Mimi nilimwambia kwamba cheti hakiliwi. Kwamba hakuna mwajiri atakayemchukua mama mtu mzima akaacha vijana waliojaa mtaani. Kwamba akishapofuka hataona tena siku nitakayopata ajira.

"Nusu jicho lingekuona wewe," nikamwambia mwishowe. "Na watoto. Hilo si kitu?"

"Ni kitu," akasema. "Usidhani sijalifikiria."

Mama mkwe alikuja na mfuko wake wa nguo, akatandika kitanda sebuleni, maana yake haondoki. Yeye hakuwa na hoja nyingi. "Mwanangu anapofuka, wewe unataka kwenda shule?" akaniuliza.

"Mama, ni yeye anayetaka."

"Yeye ni mwanamume, anajitia ujasiri. Mke ndiye wa kumwambia hapana."

Nilimchukia kwa maneno yale kwa sababu yalikuwa yangu. Nilikuwa nimeyasema mwenyewe, na sasa yaliposemwa na mtu mwingine yalinihukumu.

Nikaenda kwa daktari peke yangu. Nilikaa kwenye benchi hadi wagonjwa wote wakaisha, nikaingia na swali moja. Angekuwa kaka yako, ungefanyaje?

Alivua miwani yake, akajisugua macho. "Ningemchoma sindano," akasema. Nikainuka kwenda zangu, nimeshapata jibu nililolifuata. "Ngoja, mama. Kaka yangu angekuwa na mimi wa kumlisha. Mumeo ana nani?"

Hilo swali nilitembea nalo mpaka nyumbani. Nililigeuza kila upande nikitafuta jina la mtu. Kaka zake wawili wanabangaiza kama sisi. Mama mkwe anaishi kwa kutumiwa. Nilipofika kwenye banda nilimkuta Fundi amekaa karibu na mashine, anaifuta vumbi kwa kitambaa, anarudia mahali palepale ambapo alishafuta. Nikamwambia, "Sawa. Nitakwenda." Hakushangilia. Alitikisa kichwa tu na kuendelea kufuta. Watu husema "tuliamua." Sisi hatukuamua. Alitaka yeye, nikachagua mimi, na mizani ilikuwa mkononi mwangu.

Mashine ilinunuliwa na Kipara, jirani wa ng'ambo ya barabara, mtengeneza vitanda ambaye nywele zilimkimbia angali kijana. Walikuja wanaume wanne kuibeba. Fundi aliwafuata mpaka ukingo wa barabara akiwaelekeza wasiilaze, kana kwamba ni mgonjwa. Tangu siku hiyo alikaa mbele ya banda tupu akiisikiliza ikifanya kazi kwa mwenzake. "Anaikimbiza mno," alikuwa akiniambia nikirudi. "Kipara huyo hana subira. Vitanda vyake vitaangusha watu."

Chuoni walinipa ngao ya uso yenye kioo kizima, buti, na ovaroli iliyokatwa kwa mwili wa mwanamume. Wenzangu walikuwa vijana, waliniita mama, na walinionea huruma ile ya kumpisha mtu kwenye foleni. Siku ya kwanza mwalimu alitukusanya kumzunguka, akashusha ngao yake, nasi tukashusha zetu, akasema, "Haya, tazameni." Akawasha. Mimi nikafumba macho nikageuza uso ukutani. Niligundua nilichofanya niliposikia vijana wanacheka.

"Mama, umekuja kusikiliza?" mwalimu akaniuliza. "Fumbua. Kioo ndicho kinachofumba kwa niaba yako."

Akawasha tena. Nikajikaza, nikafumbua.

Sikuwa nimewahi kuuona. Miaka yote ile nikiwa pembeni yake, sikuwa nimewahi kuona kinachotokea pale kwenye ncha. Dunia yote ilikuwa nyeusi ila sehemu ndogo kama kifungo cha shati, na ndani yake chuma kilikuwa kimelainika, kinang'aa, kinazunguka taratibu, kinaacha nyuma yake mawimbi madogo yaliyopangana. Mwalimu alikiita chuma hicho uji. Ufuate uji, alisema, usiukimbize, usiuache ukatangulia. Machozi yalinitoka ndani ya ngao. Kizuri kama kile, na ndicho kilichomla.

Jioni nilimsimulia Fundi. Alinisikiliza amesimamisha kikombe hewani. "Uliona mawimbi?" akaniuliza. "Yamelala upande mmoja?"

"Yamelala."

"Basi ndiyo hivyo. Miaka yote nilitaka uyaone, na siku zote nakwambia ufumbe." Akanywa chai yake. Nilijua kwamba hayaoni tena yeye.

Jicho la kushoto lilikwenda wakati nasoma. Halikwenda kwa kishindo. Wiki moja aliacha kutambua watoto mpaka waongee. Baadaye nikamkuta anatia chumvi kwenye chai, nikasema nitazibandika karatasi za rangi kwenye makopo, akasema rangi gani. Mama mkwe alimpeleka msalani, akamkatia kucha, akampa habari za mtaa. Mimi hakunisemesha. "Mwambie mkeo chakula kiko jikoni," alikuwa akimwambia Fundi, nami nimekaa palepale, goti kwa goti naye. Fundi alinigeukia kwa adabu zote na kuniarifu. Kuna siku tulishindwa kujizuia tukacheka wote wawili, na mama mkwe akatoka nje akalia. Nilimsikia. Sikumfuata, kwa sababu sikujua ningemwambia nini zaidi ya kwamba na mimi nataka kulia.

Mtihani nilifaulu. Tulichomelea bomba nene, kipande kikapigwa picha ya mionzi kama mfupa, na mwalimu akaiinua picha dirishani akauliza huu mshono ni wa nani. Nikasema ni wangu. Vijana walinipigia makofi, safari hii bila huruma. Nilirudi nyumbani na cheti kwenye bahasha ngumu. Fundi akakitoa, akapitisha kidole juu yake, akatafuta mahali mhuri ulipokandamiza karatasi, akakitulizia kidole hapo.

Kwenye kampuni ya mabomba nilipokewa vizuri. Waliniwekea kiti. Msimamizi alikisoma cheti, akanitazama, akakisoma tena, akasema kazi kubwa ya kuchomelea ilishamalizwa na kikosi kilichokuja mapema, ikianza awamu nyingine watanipigia simu. Nilimuuliza awamu nyingine ni lini. Akasema mambo hayo yanategemea. Simu yangu haikulia, na haijalia.

Basi nikavuka barabara kwa Kipara.

"Wewe una cheti," Kipara akasema akijikuna utosi, "mimi nina mashine. Tutaelewana." Hakusema kwa ubaya. Alinipa kazi za kulipwa kwa kipande, na nilipoishika mashine yetu kwa mara ya kwanza, ilikohoa vilevile. Nikawa nachomelea vitanda. Cheti cha mabomba ya maji ya mji mzima, natengenezea vitanda vya chuma. Mama mkwe alikuja mara moja akasimama barabarani, akanitazama nikifanya kazi, akageuka akaenda zake. Angenitukana ningepumua.

Juzi kijana anayemshikia Kipara vyuma hakutokea. Nilikuwa na kichwa cha kitanda cha kumalizia na hakuna wa kushika. Fundi alikuwa amekaa kwenye kivuli cha kibanda cha Kipara, ambako nilikuwa nikimvusha kila asubuhi, akitusikiliza kama kawaida yake, akasema, "Mikono haijapofuka." Nikamshika kiwiko nikamleta. Alichuchumaa, akakipapasa kipande, akakiweka mahali pake bila kuuliza, akakikaza. Alijua kushika kuliko nilivyowahi kujua mimi. Tukafanya vipande kadhaa hivyo, mimi nikiita, yeye akitulia, na kwa kitambo tulikuwa tena sisi, ila tumebadilishana upande.

Nilishusha ngao kwa kipande kingine. "Funga!" nikasema.

Nikatupa jicho pembeni, chini ya ukingo wa ngao, kabla sijagusa. Uso wake haukuwa umegeuka. Alikuwa ameyafungua macho yote mawili, ameyaelekeza palepale kwenye ncha ya kijiti. Nikaelewa kwamba hata vile vipande vya mwanzo hakuwa amefumba.

Nikainua ngao. "Fumba macho, Fundi."

"Washa."

"Nimesema fumba."

"Mama watoto," akasema kwa sauti ya chini, Kipara asisikie. "Ule naona."

"Unaona nini?"

"Ukiwasha, naona mwanga. Mweupe, mbali hivi, kama mlango uliofunguliwa kidogo. Taa ya nyumbani siioni. Jua ninalisikia mgongoni tu. Wewe sikuoni. Huo ndio umebaki."

"Huo ndio uliokumaliza!" Nilipayuka. Kipara aligeuka, akaona si mambo yake, akarudi kwenye msumeno wake.

"Najua," Fundi akasema. "Washa."

Nilimkasirikia. Nilimkasirikia kwa miwani ya mwizi wa kuku, kwa kunipeleka chuo, kwa kuninyima sindano zake mwenyewe. Nikafikiria kuivua ngao yangu nimvike yeye, lakini ndani ya kioo kile, kwa macho yake, hakungekuwa na kitu hata kidogo. Nikamfikiria daktari. Nikajiuliza ni nini hasa ninachokilinda, na kwa ajili ya nani. Naye alikuwa amechuchumaa, ameshika chuma, hatikisiki, anasubiri.

Nikashusha ngao. Nikawasha.

Kipande kile kilihitaji kushikizwa tu, mguso mmoja ungetosha. Mimi niliufuata uji kutoka mwanzo wa maungio hadi mwisho, polepole kuliko mwalimu alivyonifundisha, na vitunguu vilikaangika vizuri. Kila nilipotaka kuinua mkono, nilimtazama. Alikuwa ameuleta uso karibu zaidi, mpaka mwanga ukammulika ndani ya kioo changu, amefumbua kabisa, anatabasamu.